Terminali Inayokataa Kuwa Angavu katika Linux: Dalili na Visababishi

Anayetaka kusoma maelekezo yaliyo katika kivinjari huku akiandika amri juu yake, au anayependa tu kuiona picha ya eneokazi nyuma ya maandishi, kwa kawaida hufungua mipangilio ya terminali (dirisha la kuandikia amri), husogeza kitelezi kimoja cha uangavu (transparency), na kazi huwa imekwisha. Mwongozo huu ni wa siku ambayo kitelezi kimesogezwa na hakuna kilichobadilika, au kilichobadilika ni kitu ambacho hakikuombwa: dirisha limekuwa jeusi tii, maandishi yamefifia pamoja na usuli, au uangavu upo mpaka kihariri cha Vim kinapofunguliwa, kisha unatoweka.

Karibu kila hitilafu ya aina hii hutoka kwa mmoja wa wahusika watatu, na sehemu kubwa ya muda unaopotea hupotea kwa kumrekebisha asiye na kosa. Mhusika wa kwanza ni terminali yenyewe, ambayo lazima iombe dirisha lenye chaneli ya alfa, yaani nafasi ya ziada katika kila pikseli inayoeleza pikseli hiyo ifunike kilicho nyuma yake kwa kiasi gani. Katika X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha katika Linux, dirisha la kawaida lina kina cha biti 24, nane za nyekundu, nane za kijani na nane za buluu. Dirisha lenye alfa lina kina cha biti 32. Mhusika wa pili ni kompozita, programu inayozichukua picha za madirisha yote, ikazichanganya kwa kuifuata alfa hiyo, kisha ikapeleka kwenye skrini picha moja iliyokamilika. Wa tatu ni programu inayoendeshwa ndani ya terminali, ambayo inaweza kuupaka rangi usuli mzima na kuziba kila kitu hata kama wenzake wawili wamefanya kazi yao barabara.

Vipimo vya kufanya kabla ya kugusa faili lolote

Anza kwa kujua uko katika mazingira gani:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu likiwa `wayland`, mhusika wa pili hana haja ya kutafutwa, kwa sababu katika Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, kompozita ndiyo seva yenyewe ya skrini. Isingekuwepo, usingeona dirisha lolote. Anayesakinisha picom, kompozita inayojitegemea, ndani ya Sway, ambayo ni ya Wayland, kwa matumaini ya kupata uangavu anajisumbua bure, maana picom ni ya X peke yake. Jibu likiwa `x11`, endelea na kipimo kinachofuata:

`xwininfo | grep Depth`

Amri hiyo husubiri ubofye dirisha. Bofya dirisha la terminali yenye tatizo. Ikirudisha 24, dirisha halina alfa hata kidogo, na hakuna kompozita duniani itakayolifanya usuli wake pekee uwe angavu. Kosa limo katika terminali au katika mipangilio yake. Ikirudisha 32, usikimbilie kuisafisha terminali lawama, kwa kuwa zipo terminali zinazoomba kina cha 32 nyakati zote, hata zinapochora usuli usiopitisha chochote. Kwa maneno mengine, 24 ni hukumu, ila 32 ni dalili tu.

Kipimo cha tatu kinaipima kompozita bila kuihusisha terminali. Programu ndogo iitwayo transset, ambayo katika Debian na Ubuntu imo ndani ya kifurushi cha x11-apps, huliwekea dirisha zima kiwango cha uangavu:

`transset 0.5`

Bofya dirisha la programu yoyote nyingine, kwa mfano la kidhibiti faili. Likififia na kuonyesha kilicho nyuma yake, kompozita ipo na inafanya kazi, kwa hiyo acha kuitafuta. Lisipobadilika, fuata sehemu inayofuata kwanza.

Usuli umekuwa mweusi tii, au haukubadilika kabisa, katika kila terminali

Hii ndiyo dalili ya X isiyo na kompozita. Seva ya X ilipata kiendelezi cha Composite mwaka 2004, katika toleo la 6.8 la X.Org, lakini kiendelezi hicho hutoa uwezo tu. Kazi yenyewe ya kuchanganya huachiwa programu nyingine. Terminali iliyoomba alfa pasipo kuwa na wa kuisoma huchora rangi zake kama kawaida, biti za alfa hupuuzwa, na mtazamaji huona weusi. Terminali nyingine hugundua mapema kwamba kompozita haipo na kurudi kimyakimya kwenye usuli mzito, jambo linalomfanya mtumiaji aamini kwamba kitelezi kimeharibika.

Katika GNOME na Cinnamon sababu hii ni nadra sana, kwa kuwa kidhibiti madirisha chao ndicho kompozita na hakizimwi. Xfce ni habari nyingine. Kidhibiti chake, xfwm4, kina kompozita ndani yake, lakini inaweza kuwa imezimwa, ama na mwenye kompyuta aliyetaka kupunguza mzigo wa mashine ya zamani, ama na mtu aliyefuata ushauri wa kuzuia picha kuchanika wakati wa kutazama video. Iulize hali yake, kisha iwashe:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing`

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s true`

Katika MATE, ufunguo unaofanana na huo hubadilishwa hivi:

`gsettings set org.mate.Marco.general compositing-manager true`

Kwa upande wa KDE inayoendeshwa juu ya X, kompozita huweza kuzimwa bila kukusudia kwa kubonyeza Alt, Shift na F12 pamoja, na pia huweza kusimamishwa na programu nyingine, hasa michezo, ikiwa mipangilio inaruhusu programu kufanya hivyo. Mchezo ukianguka ghafla na uangavu ukapotea katika madirisha yote, bonyeza vitufe hivyo vitatu kabla ya kufanya lolote. Konsole, terminali ya KDE, iliyofunguliwa wakati kompozita imezimwa inaweza kuhitaji kufungwa na kufunguliwa tena ili ione kwamba mambo yamebadilika.

Vidhibiti madirisha vya Openbox, i3, bspwm na Fluxbox havina kompozita ya kwao. Hapo ndipo mahali pa picom, ambayo ilizaliwa kutokana na compton, nayo compton ilitokana na xcompmgr. Kwa jaribio la haraka, andika `picom` katika terminali na uiache iendelee. Ikikataa kuanza kwa kudai kwamba kompozita nyingine tayari inaendeshwa, amini maneno yake: X hairuhusu mbili katika skrini moja. Mara nyingi nyingine hiyo ni ile ya Xfce, au ni picom ya pili iliyowekwa katika faili la kuanzishia programu na kusahauliwa humo. Amri ya `pgrep -a picom` itakuonyesha.

Terminali nyingine ni angavu, hii moja haitaki

Kompozita imeshathibitika, kwa hiyo chunguza faili la mipangilio, na hasa umri wa maelekezo uliyoyanakili. Alacritty ndiyo inayowanasa wengi. Katika matoleo ya zamani uangavu uliwekwa kwa jina la `background_opacity`. Toleo la 0.10 likaleta jina la `window.opacity`, na toleo la 0.13 likauacha muundo wa YAML na kuhamia TOML, hata jina la faili likabadilika na kuwa `alacritty.toml`. Mtu anaweza kuhariri `alacritty.yml` asubuhi nzima bila programu kulitazama faili hilo. Amri ya `alacritty migrate` hulihamisha faili la zamani. Ukiandika mwenyewe, mstari unaotakiwa ni huu:

`window.opacity = 0.85`

Uweke juu kabisa ya faili, kabla ya kichwa chochote cha sehemu. Ukiubandika mwishoni, chini ya kichwa cha sehemu ya herufi au ya rangi, TOML itausoma kama mali ya sehemu hiyo, nao hautakuwa na athari yoyote kwa dirisha. Kosa hili ni dogo na linaudhi kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu mstari wenyewe ukiutazama hauna kasoro.

Katika kitty jina ni `background_opacity`, na mtego uko kwingine. Kuyapakia upya mipangilio kwa Ctrl, Shift na F5 hakutabadilisha uangavu isipokuwa `dynamic_background_opacity yes` ilikuwemo katika faili tangu programu ilipoanzishwa. Funga madirisha yote ya kitty na uifungue upya, au weka mstari huo sasa ili usisumbuke siku nyingine.

GNOME Terminal iliondolewa kitelezi cha uangavu na waandishi wake wenyewe katika miaka ya mwanzo ya 2010. Ubuntu na Fedora ziliendelea kukirudisha kwa viraka vyao, ndiyo maana watu wawili wenye programu ya jina moja wanaweza kubishana, mmoja akiapa kwamba kitelezi kipo na mwenzake akiapa kwamba hakipo, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kikiwepo, hukaa katika sehemu ya rangi ya wasifu unaoutumia, na kina sharti: kisanduku kinachofuata uangavu wa dhima (theme) ya mfumo lazima kiondolewe tiki kwanza, la sivyo kitelezi kitasogea bila kutii. Kisipokuwepo, ni rahisi zaidi kusakinisha terminali nyingine kuliko kukitafuta.

Watumiaji wa urxvt wanahitaji mistari miwili katika `~/.Xresources`, si mmoja. Wa kwanza unaomba kina, wa pili unaweka rangi pamoja na asilimia:

`URxvt.depth: 32`

`URxvt.background: [85]#101010`

Kisha `xrdb -merge ~/.Xresources`. Ukikosa mstari wa kwanza, `xwininfo` itakuonyesha 24 na wa pili hautakuwa na pa kushika. Anayetumia urxvtd aiue na kuianzisha tena, kwa sababu mchakato huo mmoja ndio unaofungua madirisha yote. Ama xterm, hiyo haina usuli wenye alfa. Inaweza kufifishwa kwa nje tu, kwa njia inayoelezwa katika dalili ya maandishi kufifia.

Kwa foot, ambayo huendeshwa ndani ya Wayland pekee, unaweza kujaribu bila kuhariri chochote:

`foot -o colors.alpha=0.85`

Jaribio likifaulu huku faili lako likishindwa, thamani ya alfa imewekwa chini ya sehemu isiyo yake.

Picha ya eneokazi inaonekana, lakini madirisha yaliyo nyuma hayaonekani

Huu si uangavu, ni kiini macho. Kabla ya 2004 terminali kama Eterm na aterm zilikuwa na mbinu ya kunakili kipande cha picha ya eneokazi kilicho chini yao na kukichora kama usuli wao. Jicho hudanganyika mpaka dirisha la kivinjari linapoletwa kati ya picha na terminali: kivinjari hakionekani, picha ya eneokazi bado ipo. Katika urxvt mbinu hii huwashwa na rasilimali ya `transparent`; iondoe na utumie ile mistari miwili ya hapo juu.

Wapo wanaoitaka mbinu hiyo kwa makusudi, kwa sababu haihitaji kompozita na haichoshi mashine, nami siwalaumu. Kwao dalili huwa tofauti: usuli ni mweusi, au unaonyesha picha iliyobadilishwa wiki iliyopita. Terminali huipata picha kupitia kitambulisho kiitwacho `_XROOTPMAP_ID` kilichowekwa kwenye dirisha la mzizi, na si kila programu inayoweka picha ya eneokazi hukiandika. Kipo au hakipo, utajua kwa `xprop -root _XROOTPMAP_ID`. Programu za feh na hsetroot hukiandika.

Maandishi nayo yamefifia

Hapa uangavu umewekwa kwenye dirisha zima badala ya usuli. Ndivyo ifanyavyo transset, ndivyo zifanyavyo kanuni za picom za aina ya `"85:class_g = 'XTerm'"`, na ndivyo ifanyavyo amri ya `opacity` katika mipangilio ya Sway. Kompozita hupewa namba moja na kuipigia kila pikseli, herufi zikiwemo, kwa kuwa yenyewe haijui ipi ni herufi na ipi ni usuli; terminali pekee ndiyo inayojua. Dawa ni kuiondoa kanuni hiyo na kuweka alfa ndani ya terminali. Uwezekano mwingine ni kwamba vyote viwili vimewekwa, na namba zinapigana: 0.85 ya terminali ikizidishwa kwa 0.85 ya kompozita huacha usuli wa takribani 0.72, nayo herufi ikibaki na 0.85. Xfce ina njia ya tatu, kitelezi cha kuyafifisha madirisha yasiyotumika, na dalili yake ni kwamba herufi hufifia mara tu unapobofya dirisha jingine.

Anayetumia picom toleo la 12 na kuendelea ajue pia kwamba kuwepo kwa sehemu mpya ya `rules` katika faili hufanya kanuni za mtindo wa zamani, ikiwemo `opacity-rule`, zisisomwe. Faili lenye mitindo yote miwili litafuata ule mpya na kuunyamazia wa kale.

Kuhusu kiwango, maoni yangu ni kwamba chini ya 0.8 terminali hugeuka pambo. Kati ya 0.85 na 0.92 unaona kuna kitu nyuma bila herufi zake kuingiliana na zako.

Uangavu hutoweka Vim au tmux inapofunguliwa

Dalili hii hupelekwa kwa kompozita isivyostahili, na inafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ukiielewa utakuwa umeelewa nusu ya mambo ya rangi katika terminali. Terminali haiufanyi kila mraba wa herufi kuwa angavu. Huufanya angavu ule mraba tu ambao usuli wake ni rangi ya msingi, yaani mraba ambao hakuna programu iliyouagizia rangi. Jaribu amri hizi mbili moja baada ya nyingine:

`printf '\e[49m   jaribio   \e[0m\n'`

`printf '\e[40m   jaribio   \e[0m\n'`

Msimbo 49 humaanisha usuli wa msingi, 40 humaanisha usuli mweusi. Katika terminali yenye usuli mweusi usio angavu hutaona tofauti, na ndiyo maana waandishi wengi wa dhima za rangi hawakujali waliandika upi. Katika terminali nyingi angavu mstari wa kwanza utapitisha kilicho nyuma, wa pili utakuwa ukanda mweusi. Sasa chukulia kwamba dhima ya Vim imeagiza rangi kwa usuli wa kundi la `Normal`, yaani la maandishi ya kawaida: kila mraba wa skrini umeagiziwa rangi, na hakuna uliobaki angavu.

Thibitisha kwa kuandika ndani ya Vim:

`:highlight Normal ctermbg=NONE guibg=NONE`

Uangavu ukirudi papo hapo, umempata mhusika. Kuiandika amri hiyo katika `vimrc` mara nyingi hakufui dafu, kwa kuwa dhima ikipakiwa baadaye huyafuta uliyoyaandika. Iandike kama agizo linalotekelezwa kila dhima inapopakiwa, na uliweke kabla ya mstari wa `colorscheme`:

`autocmd ColorScheme * highlight Normal ctermbg=NONE guibg=NONE`

Baada ya hapo vipande vitabaki pembeni: safu ya namba za mistari, safu ya alama, na sehemu iliyo chini ya mwisho wa faili. Makundi yao ni `LineNr`, `SignColumn`, `NonText` na `EndOfBuffer`, nayo hutendewa vivyo hivyo. Neovim huongeza `NormalNC` kwa madirisha yasiyotumika, ndiyo maana wapo wanaoona kidirisha kimoja ni angavu na cha pili si angavu.

Katika tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa vidirisha kadhaa, sababu huwa ni `window-style` au `window-active-style` iliyowekwa na dhima. Mstari wa `set -g window-style 'bg=default'`, pamoja na mwenzake wa kidirisha kinachotumika, hurudisha mambo mahali pake. Ukiendesha Vim ndani ya tmux, anza na tmux.

Usipotaka kuhariri dhima kabisa, Alacritty ina njia ya mkato: `transparent_background_colors = true` katika sehemu ya rangi huufanya hata mraba ulioagiziwa rangi uwe angavu. Gharama yake ni kwamba maandishi yaliyoteuliwa kwa rangi, kama vile mistari ya tofauti kati ya matoleo ya faili, hupoteza ukali wake.

Kwa wanaofanya kazi kupitia SSH, neno moja: uangavu ni wa terminali iliyo mbele yako, kwa hiyo mipangilio ya terminali iliyoko kwenye seva ya mbali haina kazi hapa, ila `vimrc` na faili la tmux vya huko ndivyo vinavyoamua.

Dirisha huwa zito linapojaza skrini nzima

Ukiwa ndani ya Wayland na ukabonyeza F11, uangavu ukatoweka, hakuna kilichoharibika. Itifaki inaitaka kompozita isionyeshe madirisha mengine nyuma ya dirisha lililojaza skrini nzima, hata kama dirisha hilo lina alfa, na kwa sababu hiyo foot huizima alfa yenyewe katika hali hiyo. Likuze dirisha (maximize) badala ya kulijazisha skrini nzima (fullscreen), na uangavu utabaki.

Madirisha yaliyofichwa katika i3 yanaonekana nyuma ya terminali

Katika mpangilio wa vichupo, i3 huyapanga madirisha moja juu ya jingine, na picom huyachora yote. Terminali angavu itaonyesha maandishi ya mwenzake aliye chini yake, na matokeo ni vurugu isiyosomeka. Kanuni hii ya `opacity-rule` katika picom huyafuta yaliyofichwa:

`"0:_NET_WM_STATE@[*]:a *= '_NET_WM_STATE_HIDDEN'"`

Mashine imekuwa nzito, au herufi za zamani zinaacha alama

Uangavu wenyewe ni mwepesi. Kinachochosha ni ukungu (blur), yaani kukifanya kilicho nyuma kionekane kwa utusitusi. Kuutia ukungu usuli kunailazimu kompozita isome pikseli za jirani kwa kila pikseli inayochora, na kurudia kazi hiyo kila kilicho nyuma kinaposogea, hivyo video inayocheza nyuma ya terminali yenye ukungu itaipa kadi ya michoro kazi isiyokoma. Katika picom, njia ya `dual_kawase` ni nafuu kuliko nyingine kwa ukungu wa kiwango kilekile, lakini inahitaji `backend = "glx"`; ikiwekwa pamoja na `xrender` haitafanya kazi. Alama za herufi zilizokwisha kufutwa zikibaki juu ya usuli, jaribu `use-damage = false`, ambayo huilazimisha kompozita kuchora skrini nzima badala ya vipande vilivyobadilika. Alama zikitoweka, kosa ni la draiva au la picom yenyewe, nawe utaamua kama uzito ulioongezeka unavumilika. Katika mashine pepe (virtual machine) au katika eneokazi la mbali la VNC, ambako mara nyingi uchoraji wote hufanywa na kichakataji kikuu (CPU), mimi huzima ukungu na kurudisha namba kuwa 1.0.